Mjadala: Je, aina za hulka zifundishwe kama njia ya ukuaji wa kiroho?

Mleta mada

Siku hizi si jambo geni kukuta mafungo ya kiroho yanaanza kwa kila mshiriki kujaza dodoso, kisha kupewa namba yake kati ya 1 na 9 au herufi zake 4, na mafundisho yote yanayofuata yakajengwa juu ya jibu hilo. Sipingi watu kuzijua hulka zao. Ninachopinga ni dodoso kukalia kiti cha toba na kujihesabu nafsi.

Kipimo cha herufi 4, chenye aina 16, kilitungwa Marekani na Katharine Cook Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, wakitegemea kitabu ambacho daktari wa akili Carl Jung alikichapisha mwaka 1921. Udhaifu wake unaonekana ukitazama kipengele kimoja tu, kile cha kupenda watu au upweke. Aliyeegemea kidogo upande wa watu huandikiwa herufi ileile ya mtu asiyeweza kukaa peke yake nusu saa, ilhali mwenzake aliyeegemea kidogo upande wa pili, ambaye kwa kweli wanafanana mno, huandikiwa herufi ya kinyume. Kwa kuwa watu wengi wako karibu na katikati, haishangazi kwamba wengi wakirudia baada ya wiki chache hutoka na herufi tofauti.

Eniagramu, yaani ule mfumo wa namba wenye aina 9, ina njia yake. Kwa sura tunayoijua leo ilifundishwa na Oscar Ichazo huko Arica, Chile, ikapelekwa California na daktari wa akili Claudio Naranjo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadhi ya Wajesuti, watawa wa shirika la Kikatoliki, wakaiingiza katika mafungo. Mwaka 2003 hati ya Vatikani ilionya kwamba kuitumia kama njia ya ukuaji wa kiroho kunaleta utata katika mafundisho na maisha ya imani.

Watetezi husema, "Lakini nilijiona humo." Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapima wanafunzi wake 39, akampa kila mmoja maelezo ya nafsi yake, nao wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maneno yaleyale, yaliyookotwa kwenye kitabu cha unajimu: kwamba una haja kubwa ya kupendwa na watu, kwamba una mwelekeo wa kujilaumu. Ni nani atakayekana hayo?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umeupiga upimaji ukauacha ulezi. Kuainisha maradhi ya nafsi hakukuanzia California. Katika karne ya 4 mtawa Evagrius wa Ponto alikwisha kuorodhesha mawazo mabaya 8, na baadaye Papa Gregori Mkuu akayapanga upya kuwa vilema 7. Imam al-Ghazali naye anafundisha kwamba mlezi anayewapa wanafunzi wote zoezi moja ni sawa na tabibu anayewatibu wagonjwa wote kwa dawa moja: wengi atawaua.

Katika kikundi ninachokiongoza yumo mama mmoja ambaye kila mwenye shida humkimbilia, naye hajapata kumwomba mtu msaada hata siku moja. Mahubiri ya kiburi yalikuwa yanampita, kwa sababu aliamini kiburi ni cha wanaojigamba. Aliposoma katika maelezo ya aina ya 2 ya Eniagramu kwamba kiburi chaweza kujificha ndani ya hamu ya kuhitajiwa na wengine, alinyamaza kikao kizima. Wiki iliyofuata aliomba aletewe maji kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma. Wengine hawakuona kitu, mimi niliona.

Mleta mada

Mfano wako una uzito, nami siudharau. Ila tazama kilichofanya kazi: ni sentensi moja kuhusu kiburi, iliyomfikia mtu ambaye kiongozi wake anamfahamu kiasi cha kutambua maana ya maji yale. Na huyo al-Ghazali uliyemtaja anaeleza njia 4 za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: mlezi mwenye busara, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu akajipima kwa makosa anayoyaona kwao. Dodoso humtaka mtu ajishuhudie mwenyewe, yaani hulitumia jicho lilelile lenye mtoto wa jicho kuutafuta ugonjwa wake. Isitoshe, al-Ghazali anatibu kwa kinyume, bahili akalazimishwa kutoa, ilhali kwenye vikundi vyetu namba imekuwa hati ya ruhusa: "Mimi ni aina ya 8, msinitarajie niseme kwa upole."

Mchangiaji wa pili

Wenzangu, mnazungumza kana kwamba kila mtu ana mlezi. Wengi hawana, na rafiki mkweli ni adimu zaidi. Kijana asiyethubutu kusema "nina hasira" anaweza kusema "nimetoka aina ya 1," ile inayohusishwa na hasira, na mazungumzo yakaanzia hapo. Mkimnyang'anya hilo, mnampa nini badala yake?

Mleta mada

Hapo umenibana, na kwa ajili ya kijana huyo nalegeza msimamo. Basi dodoso litumike kufungua mazungumzo, kwa masharti. Majibu yasomwe mbele ya angalau mtu mmoja anayeishi naye, mwenye uhuru wa kusema, "Hapana, wewe si hivyo." Kila aina itakayotajwa iambatane na zoezi la kwenda kinyume nayo. Namba zisitangazwe kikundini, na zisitumike kabisa kuchagua viongozi, kwa maana mtu akishajua cheo kinataka herufi zipi, atajibu dodoso kwa ajili ya cheo.