Mrejesho: ile mashini ya joto ya vifaranga, mama mukubwa ameielewa

Bandugu, aksanti sana. Niliulizaga namna gani nimueleze mama mukubwa, anafuga kuku kule Bagira (Bukavu), kwa nini mashini ya fazi lojiki (inayopima kwa viwango vya kati kama "baridi kidogo", si kuwasha ao kuzima tu) niliyomtengenezea inawasha ampuli nusu nusu, yeye anasema imeharibika na anaichomoa.

Kwanza nilitoa zile namba 0.3 na 0.7 (zinasema baridi ni ya kiasi gani, toka 0 mpaka 1) kwenye ekrani nikaandika "baridi kidogo, nawasha kidogo". Akabisha, nyuzi 30 ni baridi namna gani? Kosa lilikuwa langu, juu kifaranga wa wiki ya kwanza anataka kama 32 mpaka 35, sasa inaandika "baridi kidogo kwa kifaranga wa siku 4".

Kanuni pia, zile za "kama ni baridi kidogo, washa kidogo": vipimo 3 vyenye maneno 3 kila kimoja (kama baridi, sawa, joto) vilinipa kanuni 27, nikatoa kipimo kimoja zikabaki 9, nikazibandika ukutani. Watafiti wa fazi lojiki, Mamdani na Assilian, mwaka 1975 walieleza kuongoza mashini ya mvuke kwa kanuni za maneno ya kawaida kabisa, mie nilikuwa nimeyaficha hayo maneno!

Jana ameweka mkono chini ya ampuli, akasoma ekrani, akasema "hapa inasema kweli". Haichomoi tena.