Ulinganisho: nyuzi, mabutu au draya, ipi inaokoa ncha za nywele ndefu nene?

Ncha_Nzima

Wapendwa, naomba tulinganishe njia tatu za kunyoosha nywele za kipilipili baada ya kuosha, bila kuweka dawa: kufunga nyuzi, kusuka mabutu na kupiga draya. Tuchukulie nywele nene, sentimita 30 zikivutwa. Kipimo kiwe kimoja tu, ncha. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya nywele hizo ina miaka miwili na nusu ya kuoshwa, kuchanwa na kusuguliwa na mto. Ganda la unywele limepangwa kama makuti kwenye paa, yakielekea chini. Makuti yakishang'oka kule nchani, nyuzinyuzi za ndani zinaachana na unywele unachanika. Hakuna mafuta yanayougandisha tena. Kwa hiyo ipi inaichosha ncha kidogo zaidi?

Msusi_Mabibo

Dada, kwa ncha peke yake nyuzi zinashinda, ila zifungwe sawasawa. Chambua nywele zikiwa bado na kondishena, kwanza kwa vidole, kisha kwa chanuo la meno mapana, ukianzia chini na kupanda. Suuza, kausha kwa fulana kuukuu ya pamba kwa kubana, usisugue kwa taulo. Subiri zibaki na unyevunyevu tu. Zikifungwa zikichuruzika, kesho yake utafungua kichwa kibichi chenye harufu.

Gawa mafungu 12 hadi 16. Shinani zungusha uzi mara tatu bila kukaza, kisha teremka nao ukiacha kama nusu sentimita kati ya mzunguko na mzunguko. Ukifika chini ndipo wengi wanapoharibu. Wanapiga fundo juu ya ncha zenyewe, siku ya kufungua fundo linagoma, wanachukua wembe. Wembe unakata uzi pamoja na nywele tano sita, tena kwa mshazari, na mkato wa mshazari huchanika upesi. Fanya hivi: sentimita 2 za mwisho zikunje zirudi juu, zungushia uzi juu ya mkunjo, halafu ingiza mwisho wa uzi chini ya mzunguko wa mwisho na uvute. Ncha imelala ndani, haisuguani na kitu. Siku ya kufungua unachomoa mwisho wa uzi, unaukunjua taratibu kuanzia chini.

Vipele kando ya uso, au ngozi kuuma ukiinua nyusi, ni dalili kwamba umekaza mno. Legeza siku hiyohiyo. Kuvutwa kwa miezi na miaka kunaua mashina, na upara wa pembeni ukishakomaa nywele hazirudi.

Bi_Chanuo

Nakubaliana na msusi, lakini nyuzi zinataka dakika 45 hadi saa nzima, na si kila mtu anatoka nazo kwenda kazini. Mabutu manane hadi kumi yanaisha kwa dakika 20.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: ncha inabaki wazi. Ikikauka inajikunja, inajifunga yenyewe. Pitisha unywele mmoja polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, utakisikia kifundo kigumu kama chembe ya mchanga. Ukikivuta, unywele unakatika hapohapo na kuacha mwisho uliochambuka kama ufagio. Usikifungue kwa pini. Kikate kwa mkasi, kidogo tu juu yake.

Kuzuia vifundo: siagi ya shea kiasi cha punje ya hindi kwa kila butu, ipakwe sentimita 5 za mwisho tu, kisha zungusha ncha kwenye rola ndogo hadi ikauke. Na usiku msilalie kanga ya pamba jamani. Inanyonya mafuta na kusugua ncha usiku kucha. Kilemba cha satini, au foronya ya satini kwa asiyependa kufunga kichwa.

Joto_Kiasi

Mimi naitetea draya, kwa masharti. Tuitofautishe na pasi ya nywele kwanza. Kinachoua unywele ni joto kali juu ya maji: maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke ghafla na kuacha mapovu ndani ya unywele. Hapo hauchaniki nchani tu, unakatika katikati. Ukisikia pasi inalia "tsss" ujue nywele ni mbichi, iondoe. Pasi ni kwa nywele kavu kabisa, zimepakwa kinga ya joto, chini ya nyuzijoto 180, pito moja.

Draya ni jambo jingine. Watafiti wa Korea Kusini mwaka 2011 walionyesha kwamba draya ikishikwa sentimita 15 kutoka kwenye nywele na kusogezwa bila kutulia inaharibu kidogo kuliko ikisogezwa karibu. Zaidi ya hapo, nywele zilizoachwa zikauke zenyewe zilikuwa na madhara yake kwa ndani, wakihisi ni kwa sababu ya kukaa na maji muda mrefu. Nywele nene zinaweza kubaki mbichi hadi jioni, hasa Dar wakati wa masika, kwa hiyo hoja hiyo inatuhusu.

Adui mwenyewe ni kile kichana kinachochomekwa mbele ya draya. Fungu moja linapitishwa kichana mara kumi, kumi na tano, likiwa na joto, na kila pito linamalizikia kwenye ncha. Kitoe. Acha nywele zikauke robo tatu, shika ncha za fungu kwa vidole, livute taratibu, puliza kwa moto wa kati kutoka shinani kushuka, upande yanakolala yale makuti aliyoyataja Ncha_Nzima. Vidole vinaikinga ncha. Hazitanyooka kama za saluni, ila zitarefuka vya kutosha kusukwa.

Ncha_Nzima

Asante sana. Kumbe swali langu nililiweka vibaya kidogo: cha kuhesabu ni mara ngapi ncha inaguswa. Na je, mayai na mayonezi kabla ya kuosha? Kila mahali vinasifiwa.

Pwani_Singa

Protini ya yai zima ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, inabaki juu, na ukisuuza kwa maji ya moto inaiva kichwani. Ukitaka protini tafuta dawa iliyoandikwa kwamba protini yake imevunjwavunjwa.

Kabla ya kuosha, mafuta ya nazi. Utafiti wa Rele na Mohile wa 2003 uliyalinganisha na ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa yanapenya. Kwa kichwa kama hicho vijiko 2 vya chakula: nusu iende kwenye ncha, nusu igawanywe kwingine, yakae usiku mmoja au angalau saa moja. Chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda, kwa hiyo wa Mbeya na Arusha wayapashe kwenye bakuli la maji moto.

Nywele za singa zichanwe zikikaribia kukauka, maana zikiwa mbichi zinavutika hadi kukatika. Za kipilipili ni kinyume, zichanwe zikiwa na maji na kondishena. Wanaovaa hijabu: msifunge nywele mbichi, na kofia ya ndani iwe na bitana ya satini. Wa maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe siki kijiko 1 cha chakula kwa nusu lita ya maji, la sivyo nywele zinakakamaa hata ukipaka nini.

Mkasi_Mkali

Hakuna aliyegusa kupunguza. Kupunguza ncha hakukuzi nywele, kunazuia mchaniko usipande juu. Lakini pigeni hesabu: nywele zinaongezeka sentimita 12 kwa mwaka, ukikata 3 kila miezi mitatu unabaki ulipo. Sentimita 1 inatosha kama unafunga nyuzi au unavuta kwa vidole. Wa kichana cha draya atahitaji zaidi.

Kabla ya kukata, okota nywele zilizobaki kwenye chanuo, zilaze kwenye kitambaa cheupe. Yenye kijitunguu cheupe upande mmoja imetoka shinani, huo ni mwanguko wa kawaida. Vipande vifupi visivyo na kijitunguu vimekatika, na vikiwa vingi tatizo ni mkono au joto, mkasi hautalitibu. Ukiona nukta nyeupe mwilini mwa unywele, hapo umeshaanza kuvunjika. Kata sentimita 1 juu ya nukta.

Mkasi uwe wa nywele tu. Uliokata karatasi au kitambaa unauponda mwisho wa unywele, na ndani ya wiki chache umechanika tena.