Globu ya indiketa imegoma kuingia, muuzaji anasema nikate kijino. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, natumia Noah ya zamani. Tangu juzi indiketa ya kulia inapiga mbiombio, ya kushoto iko sawa. Nimekagua, globu ya mbele kulia imekufa, waya wa ndani umekatika. Duka moja la spea Mwanga wakanipa globu nyeupe ya 12V 21W. Haiingii: kati ya vile vijino viwili vya pembeni mwa kitako, kimoja kinakaa, cha pili kinagonga ukingo wa holda. Nimeirudisha, naambiwa nikipige tupa kile kijino, itakaa tu. Moyo unasita. Keshokutwa namfuata mama Kasulu, sitaki kumbeba kwenye gari lenye indiketa ya kubahatisha.

Fundi umeme, Ujiji: Usikate, ndugu yangu! Weka ya zamani na mpya mezani, uzitazame kitakoni. Ya zamani vijino havitazamani, kimoja kimesogea, sivyo? Basi hiyo ni PY21W, na kioo chake ni cha rangi ya chungwa, kwa kuwa kava la taa yako ni jeupe. Uliyopewa ni P21W, vijino vinatazamana sawasawa. Hiyo inakaa kwenye taa zenye kava la rangi. Vijino vimetofautishwa makusudi, mtu asije akaweka nyeupe mahali pasipotakiwa. Ukiilazimisha, utakuwa unakata kona kwa taa nyeupe, na dereva anayekuja mbele yako hatajua unaelekea wapi.

Dereva wa Fuso: Soma na volti pia. Sisi wa malori tunatumia 24V. Ukiifunga kwenye gari dogo inawaka kinyonge, unaweza kumlaumu fundi bure.

Kijana wa Gungu: Kaka, weka LED, usahau habari ya globu.

Fundi umeme, Ujiji: Kwa gari lake la zamani, hapana. Flasha yake, yaani kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima indiketa, inapima umeme unaopita. Globu ikifa, umeme unapungua, ndiyo maana inakimbia. Inakuambia kuna taa imekufa. LED inakula umeme kidogo sana, flasha itadhani globu imekufa na itaendelea kukimbia. Itabidi ufunge rezista, kifaa cha kula umeme zaidi ili flasha itulie, na rezista inachemka mno, ikigusa plastiki inaiyeyusha. Ya nini yote hayo kwa globu moja?

Mama Teksi: Kabla ya kufunga mpya, chungulia holda. Yangu ilikuwa na kutu ya kijani, nikabadilisha globu mbili bure. Nikaisugua kwa msasa laini, ikawaka.

Mleta uzi: Asanteni sana. Leo nimekwenda na globu ya zamani mkononi, nikaingia duka la tatu ndipo nikaipata PY21W. Imezama, nimeizungusha kidogo, ikashika. Holda nayo ilikuwa na kutu, nimeisugua kwanza. Kulia na kushoto sasa zinapiga mwendo mmoja. Nimenunua na ya akiba, iko kwenye droo ya gari.

Fundi umeme, Ujiji: Safi. Msalimie mama.