Mrejesho: jukwaa la data huria la wilaya ya mjini

Wakuu, narudi. Niliuliza tuanzeje jukwaa moja la data huria (data iliyo wazi kwa yeyote kuitumia) la wilaya wakati kila idara imekumbatia faili zake. Ahsanteni sana. Nilimfuata aliyesema tuanze na seti mbili tu za data, taa za barabarani na mitaro, kwenye CKAN (programu ya kuendesha tovuti za data huria) kwa CSV (faili rahisi za majedwali). Imekubali.

Ramani ndiyo iliyotutoa jasho: taa zote zilitokea baharini! Kumbe GeoJSON (muundo wa faili za data ya ramani) inataka longitudo kwanza, ndipo latitudo, sisi tuligeuza.

Kuunganisha idara zote kwa mkupuo kumegonga mwamba. Idara mbili bado zinaleta majedwali ya PDF, tunanakili kwa mkono (msiniulize). Leseni ya data yetu ni CC BY 4.0 (tumia upendavyo, ila taja chanzo), ila tabaka la ramani lililotokana na OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia, limebaki chini ya ODbL, leseni ya OpenStreetMap yenyewe.