Domeni yangu imeletewa malalamiko, nina siku 20. Nifanyeje?

Kijana wa Uyole (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la pampu za umwagiliaji na vipuri vya pawatila hapa Uyole, wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga wa Mbarali na Kyela. Miaka mitatu iliyopita nilinunua domeni, yaani anwani ya tovuti: jina la pampu ninazouza, halafu neno mbeya. Nikatengeneza tovuti, nikachapisha mabango, maisha yakaendelea. Juzi nimeletewa barua pepe ndefu ya Kiingereza yenye viambatisho, kwamba domeni inafanana na alama ya biashara ya watu na nina siku 20 za kujibu. Mimi sijaiba kitu, nauza mali yao halali. Na Mbeya ni mji wetu sote. Naombeni ushauri, usiku silali.

Kigoda Mkononi
Nimeketi. Wajuzi njooni huku.

Mkinga wa Mwanjelwa
Jina la duka ulilisajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara? Kama cheti cha jina la biashara unacho, wasikutishe. Wapigie picha uwatumie, mchezo umeisha.

Kijana wa Uyole
Cheti ninacho mkuu. Leseni ya jiji ninayo na kodi nalipa.

Dada Sheria
Mkinga, usimpoteze mwenzio. Cheti cha jina la biashara kinasema tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani, hakimpi umiliki wa jina hilo dhidi ya mwenye alama. Alama ya biashara inasajiliwa BRELA hiyohiyo lakini kwa sheria nyingine, ya mwaka 1986, tena kwa madaraja. Pampu na pawatila ziko daraja la 7, huduma ya duka la rejareja daraja la 35. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Mleta mada, domeni inaishia na .com au .co.tz? Na barua imetoka kwa nani hasa?

Kijana wa Uyole
.co.tz dada. Imetoka kwa mwanasheria wa Dar, wanataka na fidia ya milioni 40. Ndani wametaja WIPO, shirika la miliki bunifu duniani.

Mhehe Mpole
Kamwene. Hapa mnahangaika na majina wakati mkulima analia na pampu yenyewe. Siku hizi koili inasukwa kwa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ikipata jua la Ubaruku siku mbili inanuka moshi. Kwarua waya kwa wembe, ndani ukiona weupe rudisha mzigo. Mwenye alama ana haki ya kulinda jina lake, vijana tuache mteremko.

Kijana wa Uyole
Mzee, pampu zangu si feki. Turudi kwenye mada tafadhali.

Fundi wa Seva
Wakuu, msimwage ushauri bure. Hii ni chai, na imechumwa Rungwe asubuhi hii.

Siku 20 za kujibu ni za UDRP, sera ya migogoro ya domeni ya mwaka 1999 ya ICANN, wasimamizi wa majina ya domeni duniani. Hiyo inahusu .com, .net, .org na ndugu zao. Domeni za .tz zina kanuni zake za usuluhishi. Sasa .co.tz imefikaje huko? Halafu fidia. Jopo la UDRP haliwezi kumpa mtu hata shilingi mia, lina mambo mawili tu mkononi: kumhamishia mlalamikaji domeni, au kuifuta. Na mwanasheria wa Dar hawezi kukupa siku 20 za WIPO, zile zinahesabiwa tangu kituo cha WIPO chenyewe kilipofungua rasmi shauri. Hapa kuna mwanafunzi anatafutiwa majibu ya swali la darasani.

Mzee wa Tukuyu
Ndaga, Fundi. Nilishangaa mbona chai haina tangawizi.

Kigoda Mkononi
Narudisha kigoda ndani.

Kijana wa Uyole
Fundi, nina duka na watoto watatu, sina muda wa kutunga. Nilichanganya. Domeni ni mbili, .co.tz na .com, jina lilelile. Na barua ni mbili. Ya mwanasheria, yenye milioni 40, ilikuja mwezi wa tatu nikaipuuza. Hii ya juzi imetoka kwenye anwani ya WIPO, inataja .com peke yake, ina namba inayoanza na D na mwaka, na PDF ya kurasa 38.

Fundi wa Seva
Namba ya namna hiyo ndiyo yao. Sawa, naichuja chai nione majani. Lakini mtu anayesahau kutaja domeni nzima anasahau na mengine.

Dada Sheria
Basi tenganisha karatasi zako mafungu mawili. Ya Dar ni dai la kawaida. Hiyo milioni 40 haiwezi kutoka Geneva kwa WIPO, wakiitaka waende mahakamani hapa nchini, na siku hiyo utahitaji wakili wa kukaa naye ana kwa ana. Ya WIPO ndiyo yenye saa inayogonga. Hesabu siku 20 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwamba shauri limeanza, Jumamosi na Jumapili zimo. Ukizidiwa, andika kabla muda haujaisha uombe siku 4 za nyongeza. Hizo hupewi kwa huruma, ziko kwenye kanuni, ukiomba unapata. Kujibu hakuna ada. Mlalamikaji ndiye amelipa dola 1,500 kwa jopo la mtu mmoja. Wewe ukidai jopo la watu watatu gharama inapanda hadi dola 4,000, na nusu ya hizo inakuwa yako, kwa hiyo usidai ukubwa usio na pesa.

Sasa kiini. Mlalamikaji lazima asimamishe mafiga matatu, likikosekana moja chungu kinamwagika.

Figa la kwanza: domeni inafanana na alama yake kiasi cha kukanganya. Hapo usipoteze wino. Kuongeza "mbeya" mwishoni mwa jina la watu hakubadilishi kitu, majopo yameshasema hivyo kuhusu majina ya miji mara nyingi mno. Na alama si lazima iwe imesajiliwa Tanzania, ikisajiliwa kwao inatosha kwa figa hili.

Figa la pili: wewe huna haki wala maslahi halali katika jina hilo. Hapa ndipo muuzaji wa mali halali anapopata pa kusimamia. Mwaka 2001 kampuni ya Oki Data ililalamikia okidataparts.com, ya muuzaji na mkarabati wa mashine zake. Muuzaji akashinda, na jopo likaacha kipimo kinachotumika mpaka leo: uwe kweli unauza bidhaa hizo, tovuti iuze bidhaa za alama hiyo tu, isiwe chambo cha kuvutia mteja umuuzie za kampuni nyingine, tovuti ieleze waziwazi uhusiano wako na mwenye alama, usiwe umekusanya domeni zote ukamzibia mwenyewe njia.

Figa la tatu: uliisajili NA unaitumia kwa nia mbaya. Yote mawili, si moja.

Nijibu bila kupaka rangi. Tovuti ina pampu za kampuni nyingine? Kuna sentensi inayosema wewe si wakala wao rasmi? Na kingine: hakuna mtu anayelipa dola 1,500 hivihivi. Fungua viambatisho, kuna karatasi yoyote inayotaja bei?

Kijana wa Uyole
Tovuti ina pampu za aina tatu, wateja hawana uwezo sawa. Sentensi hiyo sikuweka, sikujua. Nembo yao nimeiweka juu kwa sababu ndiyo inayovutia.

Karatasi ya bei sijaelewa unauliza nini.

Fundi wa Seva
Umeelewa.

Mzee wa Tukuyu
Kijana, ukifika kwa mganga usifiche kidonda.

Kijana wa Uyole
Haya. Kiambatisho cha 9. Baada ya ile barua ya mwezi wa tatu nilimwandikia WhatsApp wakala wao wa Dar, nikamwambia kama wanaitaka sana domeni watoe milioni 8, la sivyo kuna washindani wao wanaoitaka. Ilikuwa mzaha wa kibiashara. Duniani kuuza ni kosa? Hata kiwanja unauza.

Mkinga wa Mwanjelwa
Milioni 8! Umekosa kusema bei ya kuanzia.

Dada Sheria
Mkinga, unacheka msibani.

Kuuza domeni si kosa. Lakini sera inataja hali nne zinazoonyesha nia mbaya, na ya kwanza kabisa ni kuisajili hasa ili umuuzie mwenye alama au mshindani wake kwa bei inayozidi gharama ulizotumia na unazoweza kuzithibitisha. Wewe umetaja wote wawili katika ujumbe mmoja. Shauri la kwanza kabisa la UDRP lilikuwa hilohilo: mtu wa California alisajili worldwrestlingfederation.com, akataka kuwauzia wenyewe kwa dola 1,000. Uamuzi ulitoka Januari 2000, domeni ikaenda.

Una utetezi kidogo. Ofa yako ilikuja miaka mitatu baada ya kusajili, tena baada ya wao kukutishia, na muda wote huo ulikuwa na duka kweli. Hilo linasema hukuinunua kwa ajili ya kuwauzia. Ila nembo yao juu, pampu za wengine chini, na hakuna maelezo ya uhusiano, hiyo ni hali ya nne: kuvuta wateja kwa mkanganyo ili upate faida. Kwa kipimo cha Oki Data umefeli mawili kati ya manne. Mimi kwa haya ningeona unashindwa.

Kijana wa Uyole
Nimeshajipanga. Nataka kuihamishia kwa shemeji yangu Tunduma, yeye hajaandikiana nao WhatsApp. Jana niliomba msimbo wa kuhamishia, mfumo ukakataa. Ikishindikana naiacha ife, mwezi ujao inaisha muda, wakose wote.

Fundi wa Seva
Hapa sasa nakuamini. Mwanafunzi asingebuni kosa la aina hii.

Imefungwa kufuli. WIPO ikimwandikia msajili wako, yaani kampuni uliyonunulia domeni, kuthibitisha mwenye nayo, msajili ana siku 2 za kazi kuifunga, isihamie kwa msajili mwingine wala kubadilishwa jina la mmiliki. Tovuti na barua pepe zinaendelea kama kawaida, ndiyo maana hukushtuka. Sera inakataza kuhamisha umiliki wakati shauri linaendelea. Jopo likisikia ulijaribu, ndiyo kiambatisho cha 10.

Na kuiacha ife hakukusaidii. Domeni iliyo kwenye shauri ikiisha muda, mlalamikaji anaruhusiwa kuilipia yeye iendelee.

Kijana wa Uyole
Shemeji ameshaingia gharama lakini.

Mhehe Mpole
Wape. Mali ya watu haikai.

Dada Sheria
Kuwapa kuna namna yake, mzee. Akiwapa kienyeji kwa simu shauri linaendelea. Mleta mada, wewe una kitu kimoja tu cha kujadiliana nacho, nacho ni muda. Pande mbili zikikubaliana kabla jopo halijateuliwa, WIPO inamrudishia mlalamikaji dola 1,000 katika zile 1,500. Kwa hiyo wana sababu ya kukusikiliza wiki hii kuliko wiki ijayo.

Mwandikie wakili wao, nakala kwa WIPO, kwamba uko tayari kuihamisha .com kwa makubaliano, na unaomba shauri lisimamishwe kwa muda. Kuna fomu ya makubaliano ya kawaida, mnajaza wote wawili. Ada za usajili na uhuishaji unaweza kuziomba, ambatisha risiti. Usitaje fedha ya usumbufu. Ndani ya fomu, dai waandike kwamba madai ya milioni 40 yamekwisha na kwamba .co.tz mmeshaizungumza, usipofanya hivyo utawapa .com leo, kesho waifuate .co.tz kwa kanuni za .tz. Na usiache kuandaa majibu pembeni, yasizidi maneno 5,000, maana wakikataa siku zako hazikusubiri.

Tena jambo ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: jopo likiamua, uamuzi wote unachapishwa mtandaoni, jina la mmiliki na ile WhatsApp ikinukuliwa. Ukishindwa, msajili anasubiri siku 10 za kazi kabla ya kuihamisha, na hapo labda ufungue kesi mahakamani ndiyo unaizuia. Mkikubaliana, hakuna uamuzi unaoandikwa.

Kijana wa Uyole
Jina langu lote? Mteja akinitafuta anaona?

Fundi wa Seva
Lote, mpaka wajukuu. Sasa usikimbilie kuhamisha kabla hujahamisha barua pepe. Kama anwani ya info kwenye hiyo .com ndiyo uliyoitumia kwa kodi, BRELA, benki na akaunti ya msajili mwenyewe, siku domeni inapoondoka mwenye nayo mpya anaweza kupokea barua zako, pamoja na zile za kubadilisha nywila. Sajili leo .co.tz kwa jina la duka lako, si la pampu. Fungua masanduku mapya, badilisha anwani kila ulikojisajili, moja baada ya nyingine, kisha hifadhi nakala ya barua za zamani. Nembo yao itoe juu. Lakini piga kwanza picha za skrini za tovuti ilivyo sasa, zenye tarehe. Ukifuta kimyakimya bila kumbukumbu wanasema umeficha ushahidi, na picha wanazo tayari.

Mkinga wa Mwanjelwa
Na hilo jina la duka alipeleke BRELA kama alama, daraja la 35. Likitangazwa kwenye jarida lao watu wana siku 60 za kupinga. Nimejifunza leo, nisiulizwe tena habari ya cheti.

Kijana wa Uyole
Nimemwandikia wakili wao saa hii, nakala WIPO. Nimeomba ada za miaka mitatu tu, risiti nimepata mbili. Ya mwaka wa kwanza nililipa kwa simu ya mtu.

Dada Sheria
Omba za miaka miwili. Usitaje usichoweza kukionyesha.

Kigoda Mkononi
Nimerudi na kigoda. Shemeji wa Tunduma aliingia gharama gani?

Kijana wa Uyole
Alishachapisha fulana za domeni.

Mzee wa Tukuyu
Ngapi?

Kijana wa Uyole
Sitini. Na nembo yao mgongoni.

Dada Sheria
Asizivae mtu. Asiziuze. Na usinipigie picha hapa.