Nimegongwa nyuma na semi, nikasukumwa nikagonga Noah. Kosa ni la nani?

Mama Shufaa
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, tangu Jumanne sijalala vizuri.

Nilikuwa Barabara ya Mandela natoka Buguruni kuelekea Ubungo, saa kumi na mbili jioni, na foleni ya Tabata Relini mnaijua. Noah ya mbele yangu ikasimama, nami nikasimama. Nilisimama kabisa, nayaona matairi yake ya nyuma yanavyogusa lami, maana mwalimu wangu wa udereva alinifundisha hivyo na sijawahi kuacha. Nikamgeukia mwanangu nimwambie afunge begi lake la shule, ndipo semi yenye kontena ikanivaa. IST yangu ikasukumwa hadi kwenye Noah. Buti limebonyea lote, boneti imejikunja, rejeta imepasuka. Mtoto ana michubuko ya mkanda tu, namshukuru Mungu.

Sasa wa Noah kanikomalia: "Mama, mimi semi siijui, aliyenigonga ni wewe." Dereva wa semi naye kamwambia trafiki kwamba nilishaigonga Noah kabla yeye hajafika. Mchoro wa ajali umechorwa, PF3 ya mtoto (fomu ya polisi ya matibabu) tumepewa, tumeambiwa turudi Ijumaa. Nina bima ndogo, ile ya kulipa wengine tu. Jirani ananishauri nimpe wa Noah laki sita yaishe. Mnasemaje?

Tela la Tunduma
Pole sana dada. Mimi naendesha semi mwaka wa 14 huu, Dar na Tunduma. Gari na mzigo vinaweza kufika tani 56 kisheria, halisimami kama IST, na kwa sababu hiyohiyo kazi ya kuacha nafasi ni yetu sisi wa nyuma. Kwenye foleni ya Relini hakuna cha "amesimama ghafla", kila mtu anajua pale magari yanasimama. Inaniuma mwenzangu kukusingizia.

Mstaafu wa Kituo
Mwanangu, pole, na mpe pole mjukuu. Nimepima ajali miaka mingi kabla ya kustaafu. Hiyo laki sita usiitoe. Ukilipa leo, Ijumaa utaulizwa: kama huna kosa, ulilipia nini?

Watu wamekariri kwamba wa nyuma ndiye mkosaji. Kwa magari mawili mara nyingi ni kweli. Yakiwa matatu, kila gari linaulizwa peke yake: lilikuwa linatembea au limesimama, na kitu gani kililisogeza? Gari lililosimama likasukumwa, dereva wake hajafanya uzembe wowote.

Mimi swali langu la kwanza lilikuwa kwa dereva wa mbele kabisa: ulisikia vishindo vingapi? Kama ulimgonga wewe kwanza, kisha semi ikaja, yeye alitikiswa mara mbili. Kama ulisukumwa, mara moja tu. Yule ana hasira na wewe, ila hana sababu ya kudanganya kuhusu hilo. Mwombe akaliandike kwenye maelezo yake, na abiria wake pia.

Halafu tazama bampa yako ya mbele. Gari linalokwenda likifunga breki kwa nguvu huinamisha pua, kwa hiyo huacha alama chini kidogo kwenye gari la mbele. Lililokwisha kusimama hugonga likiwa sawa. Pigeni picha kwa futi ya kupimia kabla fundi hajagusa kitu. Nenda pia kwa wenye maduka na vituo vya mafuta vya hapo, kamera nyingi hufuta picha baada ya siku chache. Nenda kesho, usingoje Ijumaa.

Dawati la Madai
Dada, nashughulikia madai ya bima. Anachosema mzee ndicho tunachokitafuta kwenye faili. Bima yako ndogo hailipi IST yako. Hilo dai linakwenda kwa bima ya semi, na la Noah vilevile. Chukua namba ya kichwa na ya tela, uhakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Utadaiwa PF 90 (taarifa ya polisi ya ajali), mchoro, ripoti ya ukaguzi wa gari, na mara nyingi nakala ya hukumu. Dereva wa semi akitiwa hatiani na hukumu ikabaki bila kutenguliwa, kwenye kesi ya fidia hawezi tena kusema hakutenda kosa. Na mwenye gari hawezi kujitoa, dereva alikuwa kazini kwake.

Ikionekana ulichangia, mahakama inaweza kugawa lawama, ukapunguziwa fidia kwa sehemu yako. Ndiyo maana vile vishindo ni hela. Una miaka 3 ya kufungua shauri la madhara, lakini usikae nayo.

Mama Shufaa
Mzee wangu, shikamoo, na asante. Nimempigia wa Noah usiku huu, nikamuuliza lile swali tu, sikubishana naye. Alikaa kimya kidogo, akamuuliza mkewe aliyekuwa naye garini. Nikamsikia mama yule akijibu: "Kimoja. Kikubwa kile kimoja." Wamekubali tuongozane Ijumaa wakaandike. Kesho saa moja asubuhi naanzia kituo cha mafuta, kuna kamera imeelekea barabarani.