Mashine ya mvuke ya kunyoosha nguo safarini: ya tangi dogo, ya tangi kubwa, au ya betri?

Nyar_Nyalenda
Habari zenu wadau. Nataka kununua mashine ndogo ya mvuke ya kunyooshea nguo, ile ya kushika mkononi: unaitia maji, unatundika nguo kwenye henga, unapitisha. Kazi yangu ni ya barabarani na nguo zinashinda kwenye begi, nikifika zimejaa makunyanzi. Hapa Kisumu nimeona aina tatu. Moja ndogo inakunjika shingo, tangi la mililita 100. Ya pili ni nene kidogo, mililita 250. Ya tatu ni ya betri, haina waya kabisa, na hiyo ndiyo imenivutia. Ipi bora? Nataka kununua kabla ya Ijumaa. Asanteni.

Omwami_Kakamega
Dada, umesema unaumwa lakini hujasema wapi. Unaenda miji gani? Unabeba nguo za kitambaa gani? Matatu, gari lako au ndege? Una shilingi ngapi? Na hizo mashine zimeandikwa wati ngapi? Geuza boksi usome, halafu urudi.

Shiro_Naks
Chukua ya 250 usihangaike. Ile ya 100 inakauka ukiwa bado kwenye kola.

MzeeBusia
Wanangu, mvuke ni wa kupendezesha nguo dukani. Shati la pamba lisilopita chini ya pasi halisimami, na laini ya suruali haiji kwa kupuliziwa. Inahitaji uzito na joto, basi. Mimi nilivaa sare kwa miaka mingi, na kule kambini tulitumia pasi ya makaa, unapepea, unapangusa majivu, unapiga. Nunua pasi ndogo ya safari, utanishukuru.

KibuyeMtumba
Shikamoo mzee. Kwa suruali na shati la pamba sikupingi. Lakini sisi tunaofungua mabelo ya mitumba sokoni Kibuye tunaishi kwa mvuke. Gauni la viskosi au shifoni limebanwa kwenye belo safari nzima ya meli, ukiligusa na pasi ya moto mara moja tu limeng'aa pale pasi ilipokaa, na mteja anauona huo mng'ao akiwa hata hajafika kwenye meza. Mvuke unalegeza kitambaa kikadondoka chenyewe. Polista, sufi, sweta, mahameli: mvuke. Jinzi, kitani, drili: pasi ya mzee. Ngozi na suedi usipelekee chochote kati ya hivyo viwili.

Kitu ambacho wengi hawafanyi ni kuvuta nguo. Shika pindo kwa mkono mwingine, uivute taratibu wakati mvuke unaingia. Na ukimaliza iache itundikwe ipoe kabla ya kuvaa. Ukivaa ikiwa na unyevu, ukikaa tu kwenye kiti cha matatu makunyanzi yamerudi yote.

Nyar_Nyalenda
Samahani, nilikuwa kazini. Bajeti ni elfu nne, nikisukumwa sana tano. Nasafiri kwa matatu: Kisumu, Busia, Bungoma, Kitale, nalala lojingi. Nguo ni blauzi laini, gauni mbili, koti moja la suti, na Ijumaa ofisini kwetu ni kitenge. Ndogo imeandikwa wati 800, kubwa 1500. Ya betri hawajaandika wati, wameandika tu "mvuke wa papo hapo".

MwalimuFizikia
Hiyo ya betri iache. Sina ugomvi na kampuni yoyote, ni hesabu tu. Kuchukua mililita 100 za maji ya kawaida hadi yote yawe mvuke kunahitaji nishati ya karibu wati-saa 70. Betri ya simu ya mAh 5000 ina kama wati-saa 19. Kwa hiyo tangi moja dogo linakula karibu betri nne za simu, na hapo sijahesabu joto linalopotea. Mashine nyepesi ya betri itakupa mvuke wa blauzi moja, au itakupa ukungu wa vuguvugu ambao haunyooshi kitu.

Sasa hizo mbili za waya. Wati zilizoandikwa ni za volti 240. Lojingi iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu amewasha shawa ya umeme, unaweza kukuta volti 180. Nguvu haishuki kwa kiasi hichohicho, inashuka zaidi: kwa volti 180 unabaki na asilimia 56 tu. Ile ya 1500 inakuwa kama 840, ile ya 800 inakuwa 450. Kwa 450 maji hayawahi kuwa mvuke, mashine inaanza kutema maji. Ukiona taa ya chumbani imefifia, subiri asubuhi na mapema.

Shiro_Naks
Nilisema 250 😀 mwalimu ameweka hesabu.

Omwami_Kakamega
Polepole Shiro. Wati 1500 kwenye ekstensheni ya shilingi mia mbili iliyofungwa kwa selotepu nyuma ya kitanda? Nimeona soketi za lojingi zikiyeyuka kwa birika la chai tu. Dada, chomeka ukutani moja kwa moja, na gusa plagi baada ya dakika mbili. Ikiwa moto, zima.

Kaka_Section58
Kabla hujanunua sikia yaliyonipata. Chapa siitaji.

Kaka yangu alikuwa na ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, kule Molo. Nilikuwa na suti ya bluu iliyokoza, ya sufi, niliishonesha kwa fundi na ilikuwa haijavaliwa hata mara moja. Mke wangu alikuwa na mashine ya mvuke ya mkono aliyokuwa akiitumia vizuri tu miezi kadhaa kwa nguo zake, na maji tunayotumia nyumbani hapa Nakuru ni ya kisima cha ploti. Tukalala Molo kwa shangazi. Asubuhi nikatundika koti mlangoni, nikaanza na mgongo, safi kabisa, nikajisifu. Nilipofika kifuani nikainamisha mashine kidogo ili niingie chini ya ukosi, ikakohoa. Nasema ikakohoa kwa sababu ndivyo ilivyosikika. Ikatoa maji ya moto yenye vipande vyeupe, vile vinavyoganda ndani ya birika, yote kwenye kifua cha koti. Nikapangusa na taulo, nikawa nimeupaka ule weupe hadi mfukoni. Shangazi akasema lete limau. Ndimu ikapakwa. Sasa nina koti la bluu lenye chaki na limau.

Nikavaa hivyohivyo. Wazee wa upande wa pili waliniita "yule kijana wa unga" mpaka mbuzi wakahesabiwa. Na hapo mkono wangu wa kushoto una malengelenge kwa sababu yale maji yalirukia kidole.

Tukairudisha dukani. Yule kijana akachungulia ndani ya tangi akasema garanti haihusu maji yetu. Haihusu maji! Mashine ya maji!

KibuyeMtumba
Pole sana kaka 😂 "kijana wa unga".

MwalimuFizikia
Pole. Hayo malengelenge si ya kuchezea: mvuke ukigusa ngozi unageuka maji na kuachia joto lake lote hapohapo, ndiyo maana unaunguza kuliko maji yanayochemka. Usinyooshe nguo ukiwa umeivaa, na watoto wakae mbali. Kuhusu kutema, mashine nyingi za mkono hazipendi kuinamishwa sana, maji yanaingia kwenye tundu la mvuke yakiwa hayajachemka. Anza kila mara kwa kupuliza pembeni au kwenye taulo kwa sekunde chache.

Shiro_Naks
Na maji ya Nakuru mnayajua, yana floraidi. Angalia meno ya watu wa Bonde la Ufa. Ndiyo iliyoharibu koti. Yachemshe kwanza.

MwalimuFizikia
Hapana Shiro. Floraidi ni kweli iko nyingi kwenye visima vya Bonde la Ufa na ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia. Ila ule weupe wa kwenye birika hutokana na kalisi na magnesi, hayo ni mambo mengine. Na kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi.

Shiro_Naks
Mimi nimechemsha maji maisha yangu yote.

MwalimuFizikia
Kwa kuua vijidudu unafanya vyema kabisa. Kwa floraidi, kule kwenu watu wamekuwa wakitumia machujio ya mkaa wa mifupa.

Omwami_Kakamega
Mifupa ya nini tena?? Nimekuja hapa kwa habari ya blauzi.

MwalimuFizikia
Ya ng'ombe, imechomwa hadi iwe mkaa. Floraidi hunasa humo.

MzeeBusia
Huku Busia maji yetu hayana shida. Na pasi haihitaji maji.

Shiro_Naks
Basi nijibu hili mwalimu: Nakuru maji yanachemka haraka kuliko Kisumu. Kwa hiyo mashine inafanya kazi vizuri zaidi kwetu.

MwalimuFizikia
Yanachemka kwa joto la chini zaidi, kwa sababu mko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwenu ni kama nyuzi 94, Kisumu kama 96. Kwa hiyo mvuke wenu una joto kidogo chini ya wetu. Kwa blauzi huwezi kuona tofauti, lakini ushindi si wa Nakuru.

Nyar_Nyalenda
Jamani 😂 nawasoma wote. Nimeelekea kwa ile kubwa, na nitatumia maji ya chupa. Ila kuna kitu sikukitaja, sijui kama kinabadilisha: mwezi wa nane naenda Boston kwa dada yangu, wiki tatu. Nilitaka niende nayo.

Omwami_Kakamega
HICHO NDICHO ULIPASWA KUANZA NACHO.

MwalimuFizikia
Kinabadilisha kila kitu. Marekani ni volti 120. Mashine ya 240 pekee ukiichomeka huko inapata robo ya nguvu yake, kwa hiyo 1500 inakuwa 375. Itapasha maji ya kunawa uso. Na dada yako akikununulia moja huko ukaichomeka Kisumu, inapata nguvu mara nne na unasikia harufu kabla hujaona moshi. Kale kadapta ka plagi kanabadilisha umbo la meno tu, volti ziko palepale.

Tafuta iliyoandikwa 100–240V, au yenye kiswichi cha 120/240. Soma kwenye mwili wa mashine yenyewe, usiamini boksi. Zile za kiswichi, hakikisha umekigeuza KABLA ya kuchomeka.

Omwami_Kakamega
Na uwanjani mwaga maji yote kwenye tangi. Kwenye mkoba wa mkononi wanaruhusu kioevu kisichozidi mililita 100 kwa chombo, na tangi lenye maji litakutoa kwenye foleni. Ikaushe pia, isije ikavujia nguo zilezile unazotaka kunyoosha.

MzeeBusia
Binti, dada yako huko Boston hana pasi?

Nyar_Nyalenda
Anayo mzee 😅

MzeeBusia
Nimemaliza.

Shiro_Naks
Mzee amemaliza lakini Kitale hana dada. Nunua mbili: 250 ya hapa, na ya Marekani utaazima.

KibuyeMtumba
Au usinunue yoyote kwa sasa. Viringisha hizo blauzi badala ya kukunja, koti ligeuze ndani nje, uliweke juu ya begi mwisho kabisa. Ukifika litundike bafuni, oga maji moto, funga mlango. Viskosi inaachia yenyewe. Kitenge ndicho kitasumbua, hasa kipya chenye wanga, hicho hata mashine ya 1500 itakipigia magoti. Mpe dobi wa mtaani, kila steji ina mmoja.

Nyar_Nyalenda
Lojingi ninazolala maji moto ni bahati nasibu. Kwa hiyo tunasemaje, ya 250 yenye kiswichi? Dukani wanasema wanayo ya 800 tu yenye volti zote mbili, ya 1500 ni ya 240 peke yake.

Omwami_Kakamega
Basi ya 800.

Shiro_Naks
1500!

Kaka_Section58
Yoyote ile, beba koti la pili.

KibuyeMtumba
Mwalimu, swali la pembeni kwa kuwa tumetaja lojingi. Hii mashine inaua kunguni? Kuna chumba nililala Bungoma, sitasema wapi, niliamka nimechorwa ramani.

MwalimuFizikia
Ukiipitisha polepole sana kwenye mshono wa godoro, ndiyo, kunguni na mayai yake hawahimili joto la mvuke. Ukiipitisha haraka au mvuke ukitoka kwa kasi, unawapeperusha tu waende kwa jirani. Na godoro litakuwa bichi, hutalalia.

Omwami_Kakamega
Sasa hii ndiyo sababu ya kwanza ya maana niliyosikia ya kuinunua. Kuna anayejua lojingi safi Kitale karibu na steji? Nina safari wiki ijayo na sibebi mashine.

MzeeBusia
Nenda ile iliyo nyuma ya kanisa, mwenyewe ni mama mmoja mkali sana. Mashuka amepiga pasi.